Kikombe Si Kilo

Haya ni maneno ya katibu wa kikundi kimoja cha akina mama waokaji, aliyoyasema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Tumeyapunguza kidogo tu ili yaenee kwenye kurasa zetu. Vikundi vinavyooka, na hata visivyooka, vitapata jambo la kuchukua.



Nimeambiwa niseme juu ya vipimo vya kuoka. Mnaona nimebeba beseni ya unga, vikombe vitatu na mizani ndogo. Msiogope, leo hatutapika. Leo tutapima tu. Biblia imetaja mizani mara nyingi, lakini sikuja kuhubiri. Nimekuja kuwaeleza kosa nililofanya mimi mwenyewe, ili nyinyi msilifanye.

Kikundi chetu kina akina mama 18. Tulijenga tanuri ya matofali, tukaanza kuoka skonzi. Tulipata bahati, shule moja ya bweni iliyo karibu ikakubali kuchukua skonzi 100 kila siku, na zilizobaki tukawa tunapeleka kwenye vibanda. Tukajigawa katika zamu tatu, watu sita kila zamu, na kila zamu ikawa na siku mbili kwa wiki. Kila siku tulikanda mara mbili, na kila mkando ulitoa skonzi 60. Jumla ni 120 kwa siku.

Karatasi ya vipimo tulibandika ukutani. Ilisema hivi: unga vikombe 16, maji vikombe 5 na nusu, sukari kikombe 1, majarini nusu kikombe, chumvi vijiko vidogo 5, hamira vijiko vidogo 8. Mtu yeyote angeweza kuifuata. Hata mimi ambaye si mwokaji hodari niliifuata, na skonzi zikatoka.

Mwanzoni tulikuwa na kikombe kimoja cha plastiki cha kupimia. Kikapasuka. Basi kila zamu ikaleta kikombe chake kutoka nyumbani. Hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo. Kikombe ni kikombe, si ndiyo?

Baada ya muda mweka hazina akaja kwangu na daftari. Akaniambia, "Katibu, hebu tazama. Beli moja ya unga, pakiti 12 za kilo 2, zamu ya kwanza wanaitumia kwa mikando kumi na bado wanabaki na kidogo. Zamu ya pili pia karibu vivyo hivyo. Lakini zamu ya tatu, beli haifikishi mikando minane. Na skonzi ni 60 zile zile." Tukapiga hesabu ya mwezi mzima. Zaidi ya pakiti sita za unga zilikuwa zimepotea upande wa zamu ya tatu.

Sasa nyinyi mngefikiri nini? Unga umetoka zaidi, skonzi hazikuongezeka. Tulifikiri vile mnavyofikiri nyinyi sasa hivi.

Kiongozi wa zamu ya tatu alikuwa mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne. Watu wakaanza kunong'ona. "Ana watoto, nyumbani hakuna kitu." Mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano nikasoma zile hesabu kwa sauti. Sikusema neno wizi. Lakini nilisoma nikimtazama yeye, na kila mtu alielewa. Yule mama akasimama, akasema, "Sijachukua hata kijiko." Akavua aproni yake, akaikunja, akaiweka mezani, akaenda nyumbani. Hakuna aliyemfuata.

Kulikuwa na alama moja tuliyoiona na hatukuielewa. Watoto wa shule walikuwa wakimwuliza kijana wetu wa baiskeli, "Leo ni zamu ya nani?" Akisema ni zamu ya tatu, wanashangilia. Sisi tulicheka tu.

JINSI UKWELI ULIVYOJITOKEZA

Wiki chache baadaye alitutembelea dada mmoja wa ofisi ya maendeleo. Tukamweleza shida yetu. Hakuuliza nani kachukua. Alisema, "Nileteeni vikombe."

Tukaweka vikombe vitatu mezani. Akajaza maji kile cha zamu ya tatu, kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu. Akaanza kuyamimina kwenye kikombe cha zamu ya kwanza. Kikajaa, maji yakamwagika mezani, na bado chini ya kile cha bati yalibaki. Tukanyamaza.

Halafu tukaenda dukani kuazima mizani. Kikombe cha zamu ya kwanza, ukichota unga na kusawazisha, kilitoa gramu 140. Kwa vikombe 16 ni gramu 2,240. Kisha akauliza, "Yule mama alikuwa akipima vipi?" Wenzake wa zamu wakaonyesha. Alikuwa akichota, anagonga kikombe mezani mara tatu, anaongeza, halafu anasawazisha kwa kisu. Tukafanya hivyo hivyo kwa kikombe chake. Gramu 190. Mara 16 ni gramu 3,040.

Toa moja katika nyingine: gramu 800 kwa kila mkando. Mikando minne kwa wiki, kilo 3 na gramu 200. Wiki nne, karibu kilo 13. Zile pakiti sita zetu, hizo hapo! Hazikwenda nyumbani kwa mtu. Zilikuwa ndani ya skonzi. Unga ulipokwisha kukandwa, zamu ya tatu waliugawanya 60 kama wengine, lakini kila donge lao lilikuwa na gramu 85 hivi, na la zamu ya kwanza gramu 66. Ndiyo maana watoto walikuwa wakishangilia.

Na kwa nini alikuwa akigonga kikombe? Hili ndilo liliniuma zaidi. Mama yake alikuwa akiuza mahindi sokoni, na alimfundisha kwamba kipimo kisichogongwa ni kumwibia mnunuzi. Yaani yule tuliyemwita mwizi ndiye aliyekuwa akipima kwa uaminifu kuliko sisi sote.

KWA NINI KIKOMBE KINADANGANYA

Wazee wetu walipima kwa kujaza chombo. Pwani kulikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne ni pishi moja. Ndiyo maana twasema haba na haba hujaza kibaba. Huku bara tuna debe na gorogoro. Kwa mahindi na maharagwe kipimo hiki si kibaya sana, kwa sababu punje ni ngumu, hazishindiliki. Hata hivyo wote mnajua gorogoro iliyopigwa kitako kikaingia ndani, na mnajua tofauti ya gorogoro ya kusawazisha na ya kurundika.

Unga ni jambo lingine. Unga una hewa nyingi katikati ya chembe zake. Ukiuchekecha, hewa inaongezeka. Ukiugonga au kuusafirisha kwenye matatu juu ya barabara mbaya, hewa inatoka, unashuka. Kikombe hakijui hayo. Kikombe kinajua kimejaa tu.

Hebu tujaribu. Nataka akina mama wanne waje hapa mbele. Asanteni. Kikombe ni hiki kimoja, cha mililita 250, na unga ni huu mmoja. Wa kwanza achekeche, halafu ajaze kwa kijiko polepole, asitingishe. Wa pili ajaze kwa kijiko bila kuchekecha. Wa tatu achote tu kama anavyochota nyumbani. Wa nne achote agonge na kushindilia. Wote wasawazishe kwa kisu.

Mmeona wenyewe mizani inasema nini. Wa kwanza gramu 120. Wa pili 130. Wa tatu 145. Wa nne 165. Kikombe kimoja, unga mmoja, na tofauti ni gramu 45. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea. Karatasi ndiyo iliyokosea, kwa sababu ilisema "kikombe" bila kusema kikombe gani na mkono wa nani.

Tena vitabu vyenyewe havikubaliani. Wamarekani hupima kwa vikombe, na kikombe chao ni kama mililita 240. Katika nchi nyingine kikombe cha kupimia ni mililita 250. Kikombe cha zamani cha Uingereza kilikuwa mililita 284. Mwaka 1896, huko Boston, Fannie Farmer alitoa kitabu cha mapishi kilichosisitiza kwamba kikombe na kijiko visawazishwe, visirundikwe. Alisaidia watu wengi. Lakini kusawazisha juu hakuzuii mtu kushindilia chini.

Gramu haina shida hiyo. Gramu 140 za unga uliochekechwa na gramu 140 za unga ulioshindiliwa ni unga ule ule.

KUPIMA BILA KUNUNUA MIZANI

Najua mtu anasema moyoni, "Sisi hatuna pesa ya mizani." Sikilizeni, zipo njia tatu.

Njia ya kwanza ni pakiti yenyewe. Unga wa dukani umekwisha kupimwa. Fungua pakiti ya kilo 2, upime kwa kikombe chenu mkihesabu, mpaka pakiti iishe. Tuseme mmepata vikombe 14. Gramu 2,000 gawanya kwa 14, unapata karibu 143. Hicho ndicho kikombe chenu, kwa mkono huo. Sukari vivyo hivyo: kilo 1 ikitoa vikombe 5, kikombe ni gramu 200. Majarini ya gramu 500, ikate katikati, kila nusu ni 250, ikate tena, ni 125. Chumvi ya gramu 500 haina haja ya kuhesabu pakiti nzima. Kijiko kidogo cha kusawazisha ni kama gramu 6.

Njia ya pili ni kuazima. Nendeni kwa mwenye duka saa ambazo hana wateja, mpime kila kitu siku moja, mwandike. Mizani ya duka huwa haioni vizuri vitu vidogo, basi msipime kijiko kimoja cha hamira. Pimeni vijiko 20, mgawanye kwa 20.

Njia ya tatu ni kutengeneza. Chukua fimbo iliyonyooka, kama mita moja. Ifunge kamba katikati uitundike. Kila ncha ning'iniza mkebe, mikebe iwe sawa na kamba ziwe sawa. Sogeza kamba ya katikati mpaka fimbo ilale sawasawa mikebe ikiwa mitupu. Upande mmoja weka pakiti ya sukari ya kilo 1 ambayo haijafunguliwa, upande wa pili mimina unga mpaka fimbo ilale tena. Hiyo ni kilo 1 ya unga. Sasa ondoa sukari, gawanya ule unga pande mbili mpaka zilingane: gramu 500. Gawanya tena: 250. Tena: 125.

Maji pia ni jiwe la mizani. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na mililita 100 ni gramu 100. Ukitumia chupa ya maji, weka chupa tupu ya aina ile ile upande wa pili ili uzito wa chupa usihesabiwe. Na ukitaka kujua kama fimbo yako ni mwaminifu, badilisha vitu: cha kulia kiende kushoto. Kama fimbo inalala upande, mikono yake hailingani. Rekebisha.

KUBADILISHA KARATASI YA VIPIMO

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Msichukue karatasi ya kitabu cha mjini mkabadilisha vikombe kuwa gramu kwa kukisia. Mchukueni mwokaji wenu ambaye vitu vyake wateja wanavipenda. Mwacheni apime kwa kikombe kama kawaida yake, msimwambie abadilishe mkono. Ila kila anachopima kipite kwenye mizani kabla ya kuingia beseni, na mmoja aandike. Fanyeni hivyo siku tatu. Jumlisheni, gawanyeni kwa tatu.

Sisi tulikubaliana kufuata skonzi ya zamu ya kwanza, ile ya gramu 66 kabla ya kuokwa, kwa sababu ndiyo ambayo bei yetu ilihesabiwa. Ilitoka hivi: unga gramu 2,240, maji 1,375, sukari 200, majarini 120, chumvi 30, hamira 24.

Kisha tukaona: kwa nini tupime gramu 2,240, tufungue pakiti ya pili kwa gramu 240 tu? Tukaamua mkando uwe pakiti moja, gramu 2,000. Vitu vingine lazima vishuke pamoja na unga. Chukua kila kitu, gawanya kwa 2,240, zidisha kwa 2,000. Simu yoyote ina kikokotoo. Karatasi yetu mpya ikawa hii:

Unga: gramu 2,000 (pakiti moja)
Maji: gramu 1,230
Sukari: gramu 180
Majarini: gramu 110
Chumvi: gramu 27
Hamira kavu: gramu 21
Jumla: gramu 3,568

Gawanya jumla kwa 66, unapata skonzi 54. Ndiyo hesabu yetu mpaka leo: pakiti moja, skonzi 54. Pakiti mbili, skonzi 108. Shule inachukua 100, nane zinakwenda kibandani. Mweka hazina haulizi tena unga umekwenda wapi. Anahesabu makaratasi matupu ya unga, anazidisha kwa 54.

Waokaji wa kazi wana desturi nzuri ya kuita unga mia moja, na kila kitu kingine kukilinganisha nao. Kwetu, kwa kila gramu 100 za unga, maji ni 61 na nusu, sukari 9, majarini 5 na nusu, hamira 1. Ukijua hivyo, mteja akija na oda ya harusi au mmebaki na unga wa gramu 500 tu, hamkisii. Mnazidisha.

Na madonge pia yapimwe. Msipime unga kwa mizani halafu mkagawanya kwa macho. Kumbukeni vilevile kwamba tanuri hula uzito, kwa sababu maji yanatoka. Ukitaka mkate uliokwisha kuiva uwe na gramu 400, donge liwe kama gramu 460.

Kwa wale ambao wataanza kesho, nitawasomea uzito wa kikombe cha mililita 250 kilichosawazishwa. Andikeni, lakini mkifika nyumbani mjaribu kwa kikombe chenu:

Maji: gramu 250
Unga wa ngano wa kuchota bila kushindilia: karibu 140
Unga wa mahindi: karibu 150
Sukari: 200 hadi 210
Mafuta ya maji: 230
Majarini iliyoshindiliwa: karibu 240
Asali: karibu 350

Kijiko kidogo cha mililita 5: chumvi gramu 6, sukari 4, baking poda 4, hamira kavu 3. Vijiko vidogo vitatu ni kijiko kikubwa kimoja. Wenye vitabu vya zamani, ratili moja ni gramu 454 na aunsi moja ni gramu 28.

Mnaona asali na unga? Kikombe ni kile kile, lakini asali inazidi unga mara mbili na nusu. Kwa hiyo mtu asiwaambie "kikombe ni gramu 250" kwa kila kitu. Hiyo ni kweli kwa maji peke yake.

Mambo machache ya mizani. Iweke mahali pa sawa, si juu ya gunia. Weka beseni kwanza, rudisha mshale kwenye sifuri, ndipo uweke unga. Ile ya betri ina kitufe cha kurudisha sifuri. Betri ikichoka, namba hurukaruka, msiiamini. Kila wiki jaribuni mizani kwa pakiti ya sukari ambayo haijafunguliwa. Na jueni kwamba mizani ya jikoni ni ya mapishi. Ukitaka kuuzia watu kwa uzito, sheria yataka mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo na mizani.

JINA LA MTU

Mnataka kujua habari za yule mama. Siku ile tuliyojua ukweli, mwenyekiti na mimi tulikwenda kwake jioni. Alitukaribisha, akatupa chai. Nilimwomba msamaha. Akanyamaza, halafu akasema, "Nimesamehe. Lakini jina langu mlilichafua mbele ya watu. Lisafishwe mbele ya watu."

Alikuwa na haki. Mkutano uliofuata tuliwaita wote 18, na waume waliotaka kuja wakaja. Tukaweka mizani mezani, na vikombe vyote viwili. Sikusoma hesabu. Nilipima. Kila mtu akaona 140, kila mtu akaona 190. Kisha nikasema kwa kinywa changu kwamba nilikosea, na nikampa aproni yake. Akaivaa.

Wapendwa, vikundi vingi havivunjiki kwa sababu ya wizi. Vinavunjika kwa sababu ya kushukiana, na shaka huingia pale ambapo hesabu haieleweki. Kabla hujauliza nani, uliza kiasi gani, na kimepimwa kwa nini. Mizani haina ukoo wala rafiki. Mkinunua, mkiazima au mkitengeneza kwa fimbo, ni sawa. Lakini msikae bila shahidi.



MASWALI

Mama mmoja aliuliza: Sisi twapika mandazi na chapati tu, je, mambo haya yatuhusu?

Jibu: Yanawahusu sana. Mandazi ndiyo yanayouzwa moja moja, kwa hiyo ukubwa usipolingana wateja huchagua makubwa, madogo yanabaki. Pimeni donge la kwanza, liwekeni pembeni liwe mfano, na kila baada ya madonge kumi mpime moja.

Kijana aliuliza: Tukichanganya unga wa mtama au wa mihogo, tutumie kikombe kwa kikombe?

Jibu: Hapana, gramu kwa gramu. Unga wa kila aina una uzito wake ndani ya kikombe. Anzeni na kidogo, tuseme gramu 200 za mtama na 1,800 za ngano, kwa sababu mtama na mihogo haina ule mnato wa ngano unaoinua mkate. Mkiona imeumuka vizuri, ongezeni polepole na kuandika.

Mama mwingine: Na mayai je? Karatasi inasema mayai manne.

Jibu: Mayai ya kienyeji ni madogo. Yai la wastani bila ganda ni kama gramu 50. Basi andikeni gramu 200, vunjeni mayai ndani ya bakuli mpaka zifike. Yakiwa ya kienyeji huenda yakawa matano.

Mzee aliuliza: Yule mama sasa yuko wapi?

Jibu: Yuko kwenye zamu yake, zamu ya tatu. Leo ni siku yao, ndiyo maana hakuja. Mizani hukaa kwake, na bado kwa mazoea hugonga kikombe mezani mara tatu kabla ya kumwaga unga juu ya mizani. Tumemwacha agonge.